Kichwa Namba Arobaini na Moja

Daktari alichomeka picha kwenye ubao wa taa, akawasha. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye uchovu wa wazi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Nje ya mlango foleni ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi. Ng'washi, mke wa mgonjwa, alikaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti chenyewe ni cha kuazima. Nyuma yake alisimama binti yake Selina, mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuoni. Mgonjwa mwenyewe, Maige, walikuwa wamemwacha kwenye benchi huko nje, maana daktari alisema anataka kuzungumza na ndugu kwanza.

"Uvimbe ndio huu," alisema daktari, akizungusha kalamu hewani. "Umeshakula upande huu wote."

"Umekula nini?" aliuliza Ng'washi.

"Ubongo, mama."

Ng'washi alitikisa kichwa polepole kama mtu anayeambiwa habari za jirani.

"Sasa nyie mlikuwa wapi siku zote?" Daktari alivua miwani ambayo ndiyo kwanza alikuwa ameivaa. "Huu si uvimbe wa jana. Una mwaka na zaidi humu ndani. Mnakaa na mtu nyumbani, mnamnywesha mizizi, akishawashinda ndiyo mnatuletea sisi."

"Hakuwa mgonjwa, daktari. Kichwa kimeanza kumsumbua baada ya Krismasi. Na mizizi hajanywa."

"Wote mnasema hivyohivyo."

Ng'washi akainamisha uso. Mama yule amelima, amelea, amezika watoto wawili, na hajawahi kufokewa mbele ya binti yake namna ile. Siku nyingine Selina angemjibu daktari, tena kwa adabu yenye makali. Lakini Selina hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameikodolea macho ile picha, na si pale penye uvimbe. Alikuwa akitazama kisogo.

Kisogoni mfupa ulikuwa umebonyea kwa ndani, bonde dogo la kutosha kidole gumba. Pale nyumbani kila mtu alilijua bonde lile. Maige alikuwa bado kijana, mpanga magari kwenye kivuko cha Kigongo, siku mnyororo wa mlango wa kivuko ulipokatika ukamchapa kisogo. Alilazwa muda mrefu, akapona, likabaki bonde. Selina alipokuwa mdogo, akibebwa mabegani, alikuwa akichomeka kidole pale na kucheka. "Hapo ndipo ninapoweka akili za akiba," Maige alikuwa akimwambia.

Miaka yote hiyo alilijua bonde lile kwa vidole. Kuliona kwa ndani, mfupa na ubongo uliolala chini yake, alidhani ndiyo mara ya kwanza. Lakini haikuwa ya kwanza. Alishaliona, kwenye kompyuta, mwaka jana, na alilitupa.

"Wewe binti, si ndiye msomi hapa? Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari. Uvimbe ungeonekana mwaka jana, ungekatwa?"

"Mwaka jana huu ungekuwa punje ya harage. Tungekata, baba yako angerudi nyumbani kwa miguu yake. Leo nikikata, namwua mezani." Alizima taa ya ubao. "Mpeni dawa za maumivu. Mpeni anachopenda kula. Mwiteni anayefuata."

* * *

Ilivyokuwa ni hivi. Chuo chao hakikuwa na maabara ya ubongo. Hata chupa moja yenye ubongo wa ng'ombe hakikuwa nayo. Dokta Mutayoba, mhadhiri wao, Mhaya mrefu mwenye suti moja ya kijivu na imani isiyochoka, alisimama mbele yao siku ya kwanza akasema, "Maabara yetu ni mtandao. Vichwa vya watu wa dunia nzima vimepigwa picha, vimewekwa huko, bure, kila mwenye swali aingie asome. Mimi sitawafundisha ubongo wa kitabuni. Kila mmoja atauliza swali lake na kulitafutia jibu."

Wanafunzi walimpenda mpaka basi. Nani hapendi kuambiwa kwamba swali lake lina thamani? Wakanunua bando, wakashusha vichwa toka mtandaoni. Vilikuwa vichwa visivyo na nyuso, maana kabla ya kuwekwa mtandaoni nyuso hufutwa na majina hutolewa, mtu asijulikane. Selina alitaka kujua kama ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu inapungua kwa wazee wote sawasawa. Tatizo likawa moja: vilikuwapo vichwa vya Wazungu, vya Wachina, vya Wamarekani. Vya watu wa kandokando ya Ziwa hapakuwa na hata kimoja.

Dokta Mutayoba akahangaika, akapiga magoti ofisi za watu, mpaka akapewa mashine ya MRI ya hospitali kwa siku za Jumamosi. Akawaambia wanafunzi walete ndugu zao watu wazima, wazima wa afya.

Maige alikuwa nyumbani. Daraja lilikuwa limefunguliwa pale kivukoni, magari yanapita juu kwenda Busisi, ng'ambo, bila hata kupunguza mwendo, na mpanga magari wa kivuko hakuwa na cha kupanga. Alikuwa akishinda kwao Buhongwa anahamisha viti vya plastiki pale barazani, hivi havijanyooka, vile vimebanana. Selina alipomwambia kuna kazi ya kwenda kulala ndani ya mashine ili wanafunzi wajifunze, mzee aliruka.

"Kichwa changu mimi? Cha darasa la saba?"

"Chako, baba. Ndicho tunachokitaka."

"Wee mayu wewe!" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na Maige alimwita binti yake hivyo tangu akiwa wa kubebwa. "Haya, tuwahi, wasije wakachukua cha mwingine."

Siku ya kupigwa picha walisomewa karatasi: hapa hatutafuti ugonjwa, hiki si kipimo cha hospitali, usidhani umepimwa. Maige alikuwa ameshavua viatu. "Sawa sawa. Nalala wapi?" alisema.

Tangu hapo hakukaa kimya. Kanisani, gengeni, kwenye msiba wa mtu. "Kichwa changu kinafundisha chuo kikuu." Jirani yao Chenge, mshona viatu mwenye mdomo usio na breki, akampachika jina: Profesa. Lilianza kwa utani, lakini likashika. Watoto wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Profesa," naye anaitikia marahaba kwa kunyoosha mgongo. Mtu aliyepokonywa kazi na daraja alikuwa amepata kazi nyingine ya kichwa chake.

Sasa kule darasani, Dokta alichanganya vichwa vya Mwanza na vile vya mtandaoni, akavipa namba upya, ili mwanafunzi asimpendelee ndugu yake. Orodha ya namba na majina aliifungia mwenyewe. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchambua. "Mtu akitikisika mashineni picha inachafuka," aliwafundisha, "na picha moja chafu inaharibu jibu la wote. Iondoeni."

Kichwa namba arobaini na moja kilitoa kipimo cha ajabu, nje kabisa ya vingine. Selina alikifungua. Akaona doa la kijivu upande mmoja, na nyuma mfupa umeingia ndani. Alihisi kidogo kwamba kuna kitu. Kisha akajiambia: huyu alitikisika. Na kama ni ugonjwa, basi ni wa Mzungu mmoja huko kwao, na huko kwao hakuna picha inayotolewa nje bila daktari kuipitia, ameshatibiwa zamani huyo. Hakumaliza hata muda wa kumenya ndizi. Akaandika: Ondoa.

Alipowasilisha kazi yake, michoro yake ilinyooka vizuri, darasa likapiga makofi. "Mwigeni Selina," alisema Dokta Mutayoba. "Anajua kusafisha."

* * *

"Profesa, umeamkaje?"

Chenge alikuwa amesimama barazani na kiatu cha mtu mkononi. Maige amelala kwenye mkeka, mgongo ukutani, jua la asubuhi likimfikia miguuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kumgomea. Maneno nayo yalikuwa yanampotea, alikuwa akiomba kijiko anasema "kile cha kuchotea, bwana, kile."

"Kichwa kinaniua, Chenge," alisema. "Lakini cha kule chuoni kizima. Kinafundisha. Si ndiyo, mayu?"

Selina alikuwa anamkanda miguu. Mikono ikasimama.

"Si ndiyo?" Maige aliinua macho. "Mwambie Chenge, maana haamini huyu."

"Ndiyo, baba."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Na wanasemaje, hao wanafunzi?"

Chenge alikuwa akimtazama, mdomo wazi kidogo, tayari kucheka au kushangaa. "Wanakipenda," alisema Selina. "Wanasema ni kichwa cha mtu mwenye akili."

"Umesikia?" Maige alifumba macho kwa raha. "Akili za akiba hizo."

Selina aliinuka, akazunguka nyuma ya jiko, akachutama akalia huku ameuma upindo wa kanga. Huko ndiko mama yake alikomkuta. Ng'washi aliweka ungo wa mchele chini, akakaa kwenye kigoda, akamngoja amalize. Selina akamwambia yote. Alimweleza picha, doa, bonde, na lile neno moja aliloandika.

Ng'washi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ungo akaendelea kuchambua mchele. Alitoa jiwe, akalitupa. Alitoa jingine.

"Yule daktari alinitukana," alisema. "Mizizi! Nimebeba lile tusi toka hospitali mpaka hapa Buhongwa. Nikilala nalikuta kitandani. Nikawa najiuliza, Ng'washi, nini hukukiona, usiku gani huyu mtu aliguna wewe ukageukia ukuta. Kumbe tusi lenyewe lilikuwa lako."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nikusamehe nini? Kwani kichwa ni changu?" Akapepeta kwa nguvu, pumba zikamrukia Selina usoni. "Usimwambie baba yako. Umesikia? Mtu huyu hana nyumba ya maana, hana ng'ombe, kazi imekwisha. Ana hilo la kufundisha chuo basi. Mwache aende nalo."

* * *

Ofisini kwake, Dokta Mutayoba alimsikiliza Selina akiwa amesimama, kisha akakaa bila kuangalia kiti kiko wapi. Alifungua kompyuta, akaitafuta ile namba arobaini na moja kwenye zile zilizotupwa, akaifungua. Lile doa lilikuwa palepale, dogo, punje ya harage kweli.

"Nilizitazama zote kabla sijawapa," alisema hatimaye. "Nilikuwa natazama kama pua imefutwa. Kama jina limetoka."

"Hukuliona?"

"Mimi si daktari wa hospitali, Selina. Udokta wangu ni wa kusoma." Akajifuta paji la uso. "Nilitaka tumpelekee mtaalamu wa picha azipitie zote. Alikuwa na shughuli, muhula ukawa unakwisha, mashine walitaka kuichukua. Nikasema baadaye. Ndiyo hivyo."

"Nimwambieje baba?"

Dokta alifunga kompyuta. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshabadilika, imevaa suti. "Kimaandishi, chuo hakina kosa. Walisomewa. Hatutafuti ugonjwa, tulisema wazi. Ukianza kusambaza jambo hili, kozi itafungwa. Wenzako watarudi kwenye vitabu vya mwaka arobaini na saba. Mimi nakushauri, kwa faida ya wote, usiseme."

Selina alimtazama mwalimu wake ambaye mwaka mzima alikuwa akimwona kama mtu aliyemfungulia mlango. Alimwonea huruma, na hilo lilimuuma kuliko hasira.

"Shikamoo, Dokta," alisema, kama anayempita mzee wa watu njiani, akatoka.

* * *

Angenyamaza. Tuseme ukweli, angenyamaza, maana mama amekataza na mwalimu amekataza, na kunyamaza hakuna gharama siku ya kwanza. Ni Maige mwenyewe aliyeharibu.

Chenge alikuwa amezungumza na kijana mmoja wa bajaji amchukue Profesa bure. Maige alikuwa ameshavaa shati jeupe la kanisani, kifungo kimoja kimepitwa. "Nipelekeni chuoni," alisema. "Nikakione kinavyofundisha. Nikae nyuma kabisa, sisemi kitu. Nikishakiona, basi."

Ng'washi alikuwa mlangoni. Alimtazama binti yake, kisha akatazama pembeni. Selina akajua kwamba mama naye ameishiwa uongo.

Akamwomba Chenge atangulie nje. Akapiga magoti kando ya mkeka.

"Baba, hakifundishi."

"Leo si siku yake?"

"Hakijawahi kufundisha. Kilitolewa siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekitoa." Akaendelea harakaharaka. "Hakikuwa na jina, baba. Niliona doa na sikujua. Nikadhani picha imechafuka. Lile doa ndio huu ugonjwa. Ningemwonyesha mtu, ungekatwa ukapona."

Nje Chenge alisikika akimtania kijana wa bajaji kwamba leo atabeba mtu mzito.

"Ulijua ni mimi?"

"Sikujua, baba. Haki ya Mungu sikujua."

"Ungejua, ungenitoa?"

"Hapana! Ningekimbia na picha hospitali usiku huohuo. Nilidhani ni mtu mwingine tu."

"Mtu mwingine tu," Maige alirudia. Maneno yalimtoka moja moja, akiyatafuta. "Huyo mwingine... hana mtoto?"

Maige alianza kufungua vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Selina alipotaka kumsaidia, aliusukuma mkono wake. "Nimewatangazia watu wote," alisema. "Kanisani. Kwenye msiba wa Ngosha nilisimama nikasema. Na juzi hapa, mbele ya Chenge, ukaniongezea." Kisha akageukia ukutani.

Chenge aliambiwa kwamba Profesa hajisikii vizuri. Kwa siku kadhaa Maige hakula kitu kilichotoka mkononi mwa Selina. Uji akiuleta yeye, anafumba mdomo. Akiuleta Ng'washi, anakunywa. Selina alikuwa akiuweka mlangoni, mama anauchukua, na hawakulizungumza.

* * *

Dokta Mutayoba alifika Buhongwa bila taarifa, kwa miguu toka barabara ya lami, suti imeshika vumbi, mkoba wa kompyuta begani. Huenda dhamira ilimsumbua, huenda ni ile shikamoo. Aliingia akainama, maana mlango ulikuwa mfupi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kuomba radhi. Selina alikosa kwa kuwa mimi nilimfundisha hivyo. Nilimfundisha kuondoa. Sikumfundisha kuuliza ameondoa nini." Alimeza mate. "Nimekuletea kichwa chako, kama utapenda kukiona."

Maige aliomba ainuliwe. Ng'washi alimwegemeza kifuani mwake, na Dokta akapiga magoti na suti yake, akaishika kompyuta mbele ya uso wa mgonjwa. Kichwa kikatokea, cheupe na cheusi, kikizunguka taratibu, hakina uso. Kilipogeuza kisogo, Maige alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, upande mmoja wa mdomo.

"Bonde langu hilo! Ng'washi, ona. Ona mnyororo ulivyonifanya." Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akagusa kioo. "Na doa lenyewe liko wapi?"

Dokta akamwonyesha.

"Kadogo hivi?"

"Kadogo, mzee."

Alikatazama kale kadoa kwa muda mrefu, bila chuki, kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyekuvunjia kitu. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Na wale wengine?" aliuliza.

"Wengine gani, mzee?"

"Mliowatupa pamoja na mimi. Hawakuwapo?"

"Walikuwapo. Wa huku kwetu ni wachache."

"Mmewatazama?"

Dokta Mutayoba aliangalia chini. "Bado, mzee."

"Bado nini? Binti yangu amekwambia lini?"

"Muda kidogo."

"Sasa umekuja kwangu kufanya nini?" Sauti ya Maige ilipanda mpaka ikakatika, Ng'washi akamshika vizuri. "Mimi nimeshakufa. Nenda kwa hao."

Dokta aliondoka haraka kuliko alivyokuja. Maige akalazwa. Selina alikuwa amesimama kwenye kona wakati wote, na sasa hakujua atoke au abaki.

"Mayu," Maige aliita, uso ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Uji uko wapi?"

* * *

Mtaalamu wa picha alizipitia zote zilizotupwa, kwa aibu iliyochanganyika na wema. Wengine kweli walikuwa wametikisika tu mashineni. Mmoja hakuwa ametikisika. Mshipa mmoja wa damu ndani ya kichwa chake ulikuwa umetuna kama puto, na haukuwa umepasuka. Kabla haujapasuka unafungwa, alisema. Ukishapasuka, hapana.

Dokta akafungua kabati, akatoa orodha yake ya majina. Jina lilikuwa Dorotea, mama lishe wa Kisesa, shangazi wa mwanafunzi aliyekwishamaliza. Simu yake haikupatikana.

Asubuhi ya kumfuata Dorotea, Maige hakuwa na hali nzuri. Alikuwa akipumua kwa kukoroma, anarudi, anapotea. Selina alisema haendi, atakwenda Dokta peke yake.

"Huyo Dokta wako atamsomea karatasi," Ng'washi alisema. "Mama wa watu atakimbia."

Maige alifungua jicho moja. Alitafuta neno, akalikosa, akatafuta jingine. "Nenda," alisema. "Kamwambie." Akainua mkono wa kushoto, na kwa vidole viwili akafanya ile ishara aliyoifanya kivukoni miaka yote, ya kumwita dereva aje mbele, njoo, njoo, pana nafasi.

Selina alimbusu kisogo, pale kwenye bonde, akaondoka.

Kibanda cha Dorotea kilikuwa nyuma ya stendi ya Kisesa, mabati mawili na benchi, moshi ukitambaa chini. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, anakaanga samaki huku akigombana na mteja kuhusu pilipili. Dokta Mutayoba alisimama barabarani, mkoba kifuani, hawezi kwenda mbele wala nyuma.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, samaki wa moto. Na yule bwana wa suti naye aje, au amekasirishwa?"

"Nimetoka chuoni, mama. Ndio tuliokupiga picha ya kichwa."

"Ehee! Ile mashine inayopiga kelele kama mabati ya mvua. Kichwa changu bado kinawasaidia?"

Simu ya Selina ikaanza kuita. Akaitoa. Ilikuwa ni Mama. Ng'washi hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuwa akibipu na kungoja. Hii iliita, ikaita, haikukatika, na Selina alijua. Alijua kama vile ameshaambiwa. Akashika nguzo ya kibanda.

"Pokea, mwanangu, labda ni jambo la maana."

"Atanisubiri," alisema Selina. Akairudisha simu mfukoni ikiwa bado inaita. "Naomba uepue hao samaki, mama. Kaa kwanza, nina maneno."

Dorotea akaepua. Akakaa kwenye benchi, akajifuta mikono kwenye kanga. Selina akachutama mbele yake, akamshika magoti, akamweleza kwa Kisukuma, taratibu, kama ambavyo angependa mtu awe amemweleza mama yake. Picha yako tuliitupa. Hatukukutazama, na tulikosa. Kuna mshipa umetuna. Bado haujapasuka. Wakiufunga sasa, utarudi hapahapa kukaanga samaki wako. Hospitali wanakungoja, yule bwana wa suti amekuja kukupeleka.

Dorotea aliuliza kama inauma. Akauliza nani atamlindia kibanda. Kisha akajishika kichwa kwa viganja viwili, kwa uangalifu, kama kitu alichokabidhiwa.

"Si umesema bado mapema?"

"Bado mapema, mama."

"Sitakufa?"

"Ukija leo, hufi."

"Sasa mbona wewe unalia hivyo, na mgonjwa ni mimi?"

Simu ilianza kuita tena, na safari hii Selina akaipokea.